Kabla ya kutanua injini ya Beetle, shughulikieni joto lake

Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret haina huruma kwa injini ndogo. Ukishapita Salgaa mlima unaanza kwa dhati, unakwea hadi Mau Summit, na mbele yake kuna Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Volkswagen Beetle ya 1600 huupanda kwa gia ya tatu, pengine ya pili, huku matatu zikiipigia honi kutoka nyuma. Ndiyo maana wengi wanaoendesha magari haya kila siku hufika gereji na ombi moja: injini itanuliwe.

Ombi hilo si la anasa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 17. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ukitanua injini hiyo ya 1600, ambayo kwa kipimo halisi ni sentimita za ujazo 1,584, ifike 1,776, ikiwa Nakuru itavuta hewa kama ile ambayo injini ya 1,480 hivi huvuta ikiwa pwani. Kwa maneno mengine, mwenye gari hajajipatia gari la mashindano. Amerudishiwa tu sehemu ya kile alichonyang'anywa na mwinuko.

Tatizo ni kwamba hewa hiyohiyo nyepesi ndiyo inayoipoza injini. Beetle haina rejeta wala maji. Feni iliyofungwa kwenye mhimili wa dainamo, ikizungushwa na mkanda, husukuma hewa kupitia mapezi ya silinda na hedi, na pia kupitia kipoza oili. Injini ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, hewa ikipungua moto nao hupungua, kwa hiyo mizani haiharibiki sana. Mtu akitanua silinda bila kugusa kitu kingine, moto wa kila mzunguko huongezeka, lakini feni hubaki ileile. Kwa 1,776 nyongeza ni asilimia 12. Kwa 1,915, ambayo wengi huitamani kwa sababu ya jina lake, ni asilimia 21.

Hapo ndipo sifa mbaya ya injini hizi ilipoanzia. Watu husema injini inayopozwa kwa hewa haivumilii kazi, ilhali historia ya nchi hii inasema vingine. Mwaka 1953, mashindano ya magari ya Coronation Safari, chanzo cha Safari Rally ya leo, yalipofanyika kwa mara ya kwanza, magari yaligawanywa kulingana na bei yake ya dukani. Hakukuwa na mshindi rasmi wa jumla, lakini gari lililopoteza alama chache kuliko mengine yote lilikuwa Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen, yenye injini ya 1,131 na nguvu za farasi 25. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda na Volkswagen mwaka 1954, Gus Hofmann na Arthur Burton mwaka 1957, kisha Tommy Fjastad na Bernhard Schmider mwaka 1962. Injini ndogo, iliyoachwa na vipimo vyake, ilivuka matope na vumbi la Afrika Mashariki.

Kutanua kwenyewe kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko bei inavyoonyesha. Silinda ya kawaida ya 1600 ina kipenyo cha milimita 85.5. Njia rahisi ni kununua silinda za milimita 88 zinazoingia kwenye tundu lilelile la kreni kesi (crankcase) bila kuchonga chochote. Fundi anaweza kuzifunga kwa siku moja, na mteja akaondoka akitabasamu. Lakini shika silinda hiyo mkononi uitazame ukingoni: chuma kilichotolewa ndani hakikuongezwa nje. Ukuta umebaki mwembamba. Ukipata moto mlimani unapinda, ringi hazishiki tena, moshi wa mwako unapenya kwenye oili, na hedi inaanza kuvujisha. Silinda za 92 zinazoingizwa kwenye tundu lililochongwa kwa ajili ya 90.5 zina ugonjwa uleule.

Njia ya pili ni kuipeleka kreni kesi pamoja na hedi kwenye karakana ya kuchonga, matundu yakapanuliwa yapokee silinda za 90.5 zenye ukuta mnene. Hiyo ndiyo 1,776. Ni kazi ya vipimo. Kreni kesi ya Beetle ni ya aloi ya magnesiamu, laini, na bolti ndefu zinazoshika hedi zikikazwa kupita kiasi au zikichemka mara kwa mara hung'oa nyuzi zake. Fundi mwangalifu huweka vikombe vya chuma kwenye nyuzi hizo kabla ya kufunga, kisha hukaza kwa spana ya kupima, si kwa nguvu ya bega.

Halafu kuna mabati. Injini ya Beetle huzungukwa na mabati yanayoelekeza hewa, na pembeni kuna mpira unaotenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Katika magari mengi mpira huo umeoza, au fundi fulani aliwahi kutoa kipande cha bati akakiona hakina kazi. Matokeo yake feni hunyonya hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe. Kabla ya kununua pistoni moja mpya, mwenye gari arudishe mabati na mpira huo, afunge kipoza oili cha nje pamoja na kipimo cha joto la oili. Injini hubeba oili lita 2.5 tu. Sindano ikipita nyuzijoto 120 huku mlima bado unaendelea, ni wakati wa kusimama.

Uendeshaji nao una lawama yake. Anayeendesha injini iliyotanuliwa hujisikia ana nguvu, hivyo huacha gari kwenye gia ya nne akipanda. Injini inazunguka polepole, na feni pia, wakati mguu umekanyaga mafuta hadi sakafuni. Hakuna namna ya haraka zaidi ya kuichemsha. Gia ya tatu yenye mzunguko wa juu huipoza vizuri zaidi.

Vumbi la Bonde la Ufa linadai sura yake. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, madereva wa kimataifa wamejifunza jinsi vumbi laini la Naivasha linavyoziba pumzi ya gari. Kiwanda kiliipa Beetle kichujio cha hewa chenye bakuli la oili, ambacho hulishika vumbi hilo vizuri. Anayeongeza kabureta mbili na kuzivalisha vichujio vidogo vya sponji hula silinda zake mpya mwenyewe. Na kabureta iliyopunguziwa mafuta ili ilingane na hewa ya Nakuru hukosa mafuta ya kutosha ikishuka Mombasa kwa likizo ya Desemba. Hewa nzito ya pwani huikuta na mchanganyiko hafifu, na mchanganyiko hafifu huwaka kwa joto kali.

Inawezekana kuikuza injini ya hewa na ikadumu. Porsche waliitoa 911 kutoka lita 2 mwaka 1964 hadi 3.6 kabla ya kuachana na upozaji wa hewa mwaka 1998, na magari hayo yameshinda East African Safari Classic, likiwemo la Björn Waldegård mwaka 2011 na la Stig Blomqvist mwaka 2015. Lakini 911 hubeba oili mara kadhaa zaidi ya Beetle. Volkswagen wenyewe walipotaka kupita 1600 hawakuchonga kreni kesi ya zamani. Walibuni injini nyingine, wakaizindua mwaka 1968 katika modeli ya 411.

Uangalifu huu una sababu nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Beetle ya mwisho ya aina hii ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003. Tulizo nazo ndizo hizi. Kreni kesi iliyochongwa vibaya haipatiwi mwenzake kwa urahisi.

Kwa hiyo mwenye Beetle ya kumfikisha kazini kila asubuhi kati ya Gilgil na Nakuru, injini ya 1,776 iliyochongwa karakanani, yenye mabati kamili na kipoza oili, inamtosha na itamtumikia miaka. Asiye na pesa za kuchonga afanyiwe ukarabati kamili wa 1600 yake kwa vipimo vya kiwanda. Silinda za 88 asizinunue kwa bei yoyote, na 1,915 waachiwe wenye gari la pili nyumbani.