Mpishi wa Kwihara

Mwezi huu tunawapeleka Tabora. Tulisafiri usiku kucha kwa treni ya reli ya kati kutoka Dodoma, na kama ilivyo desturi yetu, hakuna mama aliyepanda mikono mitupu. Jirani yetu wa kiti alitugawia matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke. (Vikianikwa vibichi ni michembe, na mama wa Kinyamwezi hakubali uyachanganye majina hayo!) Chakula hiki hakichachi njiani, na mtoto akikitafuna hunyamaza muda mrefu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake watu walitembea kwa miguu kutoka pwani, safari ya miezi mitatu hivi, wengine wakiendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi wamesifiwa sana vitabuni. Wake zao hutajwa kidogo, ingawa wengi walitembea nao, chungu kichwani na mtoto mgongoni, na wakifika kambini ndipo kazi ya kuni na maji inaanza. Njia hiyo hiyo ilipitisha pia watumwa, wake kwa waume.

Kilomita chache nje ya mji, huko Kwihara, tulizuru tembe alimokaa Dakta David Livingstone, mmisionari Mskoti, tangu Februari hadi Agosti 1872. Alikuwa akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Huyo tunamjua tangu shuleni. Sisi tulikwenda kwa ajili ya mpishi wake, Halima.

Habari zake zimo katika kumbukumbu alizoandika Livingstone mwenyewe. Siku moja Halima aligombana na Ntaoeka, yule aliyeolewa na Chuma, akaondoka kwa hasira. Mzee akatuma barua imfuate. Kumbe Halima alikwisha kurudi kwa hiari yake, ila amesimama nje, anangoja mzee atoke amwambie aingie. Nani kati yetu hajawahi kusimama hapo nje? Mzee akatoka, akamkaribisha, akamwonya asigombane tena, kisha akampa nguo nzito ya baridi ili ajue kwamba hana kinyongo naye. Akaandika kuwa hajapata kumkemea hata mara moja, kwamba haibi, wala hamruhusu mumewe kuiba. Tena aliahidi kwamba wakifika Unguja atamweka huru na kumnunulia nyumba yenye bustani.

Tulipolisoma hilo tulinyamaza kidogo. Amweke huru! Basi mama aliyempikia mtu aliyeipinga biashara ya watumwa kwa maisha yake yote, naye hakuwa huru. Nyumba na bustani vilikuwa mbele, mwisho wa safari.

Msafara uliondoka Kwihara mwezi Agosti, Halima akiwamo, ukaelekea kusini. Livingstone hakuiona Unguja tena. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, leo ni Zambia. Watu wake waliukausha mwili, wakaubeba kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Akazikwa London, katika Westminster Abbey, Aprili 18 mwaka huo. Jiwe la kaburi lake linaitaja mikono miaminifu iliyomleta, bila jina hata moja. Jacob Wainwright alikuwapo mazishini. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye. Wanawake wa msafara hawakupelekwa.

Pale kwenye tembe tulimwuliza mwenyeji wetu jiko lilikuwa upande gani. Alicheka, akasema wageni huuliza chumba cha mzungu. Hata hivyo alituzungusha uani, tukasimama hapo kitambo, kisha tukaenda sokoni kununua asali kabla ya treni ya kurudi.