Mchezo wa Simba Una Funzo Darasani

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Je, lugha yetu inapochezwa ugenini, nayo hutunzwa?

Swali hili lafaa kuulizwa kuhusu The Lion King, mchezo wa video uliotengenezwa na Westwood Studios mwaka 1994 kutokana na filamu ya Disney. Ulitolewa upya mwaka 2019, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo sasa wanaujua.

Uzuri wake haukaniki. Wachoraji wa Disney walishiriki kuwachora wanyama wake, na yale makaburi ya ndovu, yenye giza na mifupa, yangali yanatia hofu. Kasoro pia zipo. Hatua ya pili, ya tumbili na twiga, ni ngumu kupita kiasi. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alieleza baadaye kwamba ugumu huo ulikusudiwa, ili aliyekodi mchezo asiumalize upesi.

Hata hivyo, kasoro nzito zaidi imo katika maneno. Simba na Rafiki ni majina ya heshima. Lakini mmoja wa fisi katika hadithi hiyo aitwa Shenzi, na mchezaji hufurahi fisi wanaposhindwa. Hapa Pwani neno hilo lina historia chungu: watu wa miji walilitumia kuwadharau watu wa bara, na katika enzi za utumwa dharau hiyo ilirahisisha ukatili. Bamburi, ambako watoto wa makabila mengi huketi dawati moja, neno hilo si mzaha.

Isitoshe, "hakuna matata", ambayo ni kawaida kwa wageni wa hoteli zetu za ufuoni, ni jina la hatua nyingine ya mchezo huo. Mwaka 2003 Disney iliusajili msemo huo nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara.

Kupiga mchezo marufuku si dawa. Mwalimu wa Kiswahili na aulete darasani, awaulize wanafunzi: nani aliyachagua majina haya, na yanamdhalilisha nani? Nao wanafunzi wanaojifunza kuandika programu wasiridhike kubonyeza vitufe tu. Wabuni michezo yao wenyewe, na fisi wao wampe jina lisilomwumiza jirani.