JINA STANLEY LILITOKA WAPI?



Karibu kila juma mutu ananifikia kuomba nimuandikie jina lingine kwenye orodha ya darasa. Wenye kuitwa Masumbuko ao Mateso njo wanaongoza, juu wenzao wanawacheka. Na jina wanalolipenda kupita yote ni Stanley. Mimi ninakataa, na leo ninaeleza sababu.

Stanley ni maneno mawili ya Kiingereza cha zamani: jiwe, na pahali palipo wazi katikati ya pori. Uwanja wa mawe, basi! Katika jimbo la Staffordshire kuna kijiji chenye jina hilo, na watu waliotoka kule waliitwa kwa jina la kijiji chao. Mbele ya mwaka 1066 wengi wa Waingereza walikuwa na jina moja tu. Nyuma yake majina ya jamaa yalienea polepole, na kufika karibu mwaka 1400 wengi walikuwa nayo: huyu la kijiji, huyu la kazi (Smith ni mufua vyuma), huyu la baba (Johnson ni mwana wa John). Iko tofauti gani na yetu? Kwa Wanande, Kambale ni mutoto mwanaume wa pili, Kasereka wa tatu.

Ni kweli jamaa moja ya Stanley ilipanda sana. Mwaka 1485 Thomas Stanley alikuja na askari wake kwenye vita vya Bosworth, akakaa kando akiangalia. Mwana wa bibi yake aliposhinda na kuwa mufalme, Thomas akapewa cheo cha Earl wa Derby. Heshima yao ilitoka hapo, si ndani ya jina.

Lakini Stanley tunayemujua sisi, aliyeshuka muto Kongo mpaka Boma mwaka 1877, hakuwa wa jamaa ile hata kidogo. Alizaliwa Denbigh katika inchi ya Wales, mwaka 1841, akaandikwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, naye akalelewa katika nyumba ya maskini. Alipofika New Orleans alijitwalia jina la mufanya biashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Mwenyewe alisema tajiri huyo alimufanya mwana wake. Wachunguzi wengine hawaamini. Munaona? Munaniomba jina ambalo hata yeye aliliazima! Watu wa Kongo ya chini walimupa lingine, Bula Matari, muvunja mawe. Kumbe mawe tena.

Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966, lakini mulima Stanley wa Ruwenzori, wenye mita 5.109, ungali na jina lile. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kizungu. Njia ile pia siipendi, jina si kitu cha kunyanganya mutu kwa nguvu. Aliyepewa Stanley na baba yake, alichunge. Mimi ninasema na yule anayetupa jina la baba yake juu ya kicheko cha wenzake, na zaidi ninasema na wale wanaocheka. Mama aliyemuita mutoto wake Mateso alikuwa na sababu. Mumemuuliza?

Tangu juma lijalo nitasoma orodha na majina yote, polepole, kama yalivyoandikwa. Atakayecheka atabaki kufagia darasa siku ya posho.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6