Mashine ya Dar, baridi ya Mbeya

Kila kipupwe hapa Ilomba wimbo ni uleule. Intaneti imekatika, fundi kaja, kaunga faiba, kaondoka. Siku chache baadaye imekatika palepale. Analaumiwa panya, linalaumiwa greda, mwishowe inalaumiwa baridi. Baridi ya Mbeya haikuanza mwaka huu.

Maharage ya Dar es Salaam yakiletwa jikoni huku huchelewa kuiva, na kila mpishi anajua la kufanya: anaongeza muda wa moto. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mashine ya kuungia faiba nayo inaijua hewa hiyo, hata kama mwenye mashine hataki kuijua.

Faiba ni kioo chembamba cha mikroni 125, na njia ya mwanga katikati yake ni mikroni 9 tu. Mashine hupiga cheche ya umeme kati ya elektrodi mbili, ncha zikayeyuka kwa joto linalozidi nyuzijoto 1,600 na kushikana. Cheche hupita hewani, kwa hiyo hewa ikibadilika, joto nalo linabadilika. Likipungua, ncha hugusana bila kuungana sawasawa; kiungo kinapita mtihani leo na kukatika kesho kutwa. Likizidi, kioo kinavimba au kusinyaa na mwanga unavuja. Ile 0.02 dB ya upotevu wa mwanga inayotokea kwenye skrini isimdanganye mtu: ni makadirio ya kamera.

Dawa imo ndani ya menyu ya mashine yenyewe: jaribio la cheche. Menya faiba mbili, futa kwa spiriti, kata, weka. Mashine inapiga cheche bila kuzisukuma ncha pamoja, inaangalia kioo kimeyeyuka kiasi gani, inarekebisha mkondo. Rudia mpaka ikubali. Ni dakika chache na vipande vya faiba ambavyo vingetupwa hata hivyo.

Tunajua, mashine mpya zina vihisi na nyingine hujirekebisha zenyewe. Zinazozunguka mitaani si zote mpya. Na fundi wa kanda hii anaweza kuamkia Kyela kwenye joto, mita 500 hivi, jioni akawa juu ya nguzo Uyole akitetemeka, mashine ikiwa na mipangilio ileile ya asubuhi.

Kuna na mambo madogo. Upepo unayumbisha cheche, basi funga hema, au hata mwavuli na turubai. Usiku wa Julai, joto likiwa chini ya nyuzijoto 10, betri inaishiwa mapema na kijitanuri cha mashine kinachelewa kubana mrija wa kinga unaofunika kiungo. Fundi mwenye haraka anautoa ungali nusu, kiungo kinabaki uchi.

Kampuni zinazowapa vibarua kazi hizi zinalipa kwa idadi ya viungo, halafu zinashangaa kwa nini fundi anakimbia. Zisilipe kiungo chochote kisicho na rekodi ya jaribio la cheche la siku hiyo, mahali hapo, pamoja na kipimo cha laini nzima cha OTDR, kifaa kinachopima upotevu wa mwanga. Na wewe mteja, fundi akifungua boksi lake mlangoni kwako, muulize kama amefanya jaribio. Akikwambia mashine ilishapangwa Dar, mwambie asubiri kwanza.