Birika, buli na chupa: kila chombo na kazi yake

Mgeni akipiga hodi katika nyumba zetu za pwani, haulizwi kama atakunywa chai, huletewa. Hiyo ni ada njema tuliyoirithi. Lakini chai aletewayo siku hizi mara nyingi imelala katika chupa tangu alfajiri: nyeusi, chungu, na ya kuunguza ulimi. Kisha lawama hutupiwa majani.

Lawama hiyo si ya haki. Mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi kuja Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo majani mazuri hupita mlangoni petu. Tena tumejaaliwa. Hapa usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, hali Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, huchemka kwa nyuzi 94 au 95. Chai ya mkandaa yataka maji yaliyochemka barabara. Basi tulichopungukiwa ni kujua kazi ya kila chombo.

Birika ni la kuchemshia maji peke yake. La umeme la wati 2,000 huchemsha lita moja kwa dakika tatu hivi. Asiye na umeme, birika la kawaida juu ya makaa lamtosha. Maziwa yasitiwe katika birika la umeme, kwani huganda chini yakaungua. Watumiao maji ya kisima wataona ukoko mweupe wa chokaa ndani yake. Dawa yake ni maji ya ndimu: yachemshwe humo, yaachwe kidogo, yamwagwe, kisha birika lisuuzwe.

Buli ndilo la kukolezea. Lisuuzwe kwanza kwa maji moto lisije likapoza chai, yatiwe majani, yafuatie maji yanayochemka, lifunikwe dakika tatu hadi tano. Chai ya kijani yataka nyuzi 70 hadi 80 tu, na haihitaji kipimajoto: maji yakishachemka, yaachwe wazi dakika chache. Ama tangawizi, iliki na mdalasini, hivyo vyataka sufuria na subira. Vichemke kwanza, majani yaje mwisho.

Chupa ni ya kuhifadhia, si ya kupikia. Chai ichujwe kabla ya kutiwa humo, maana majani yakibaki ndani huendelea kutoa uchungu.

Liko na jambo kubwa kuliko ladha. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kuwa vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 huenda vikaleta saratani ya umio. Wazee wetu waliomimina chai katika kisahani ikapoa kabla ya kunywa, tukawacheka, kumbe hawakukosea. Wakati wa futari hasa, koo likiwa kavu na njaa imekaza, tusiikimbilie chai itokayo motoni.

Kwa hiyo anayemnunulia bintiye vyombo vya arusi asichukue chupa mbili za maua akalisahau buli. Chupa itampa mgeni chai ya moto. Buli litampa chai iliyokolea, na mgeni anastahiki hiyo.