Herufi za Bango na Notisi ya Kubomolewa

Herufi nene, zilizobanwa upana na kuviringwa ncha, zina mahali pake: maneno machache, makubwa, yasomwe kutoka ng'ambo ya barabara. Ndugu yake mpana, VAG Rounded, ilibuniwa mwaka 1979 kwa biashara ya magari ya Volkswagen. Lakini zishushwe hadi ukubwa wa aya, matundu ya a na e huzibika. 3, 6 na 8 hufanana. Nimesoma notisi ya ubomoaji iliyochapwa hivyo yote, tarehe ya kukata rufaa ikiwamo. Sura ya upole, habari ya shoka! Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu 2016. Je, mzee asiyeitambua 3 na 8 ametaarifiwa? Ndugu maafisa, ziacheni kwenye kichwa. Tarehe iandikwe kwa herufi za kawaida.