Wazee Wetu wa Ala Bado Wako Hai, Tunangoja Nini?

Nyatiti, orutu, chivoti, zumari. Ni ipi umesikia ikipigwa mtaani kwenu mwezi huu? Najua jibu lako. Tumezoea kuziona kwenye tamasha za shule na mgeni rasmi akija. Akishaondoka, zinarudi stoo.

Ebu cheki stori ya David Munrow, Mwingereza aliyezaliwa Birmingham mwaka 1942. Akiwa na miaka 18 alienda Peru kufundisha, akarudi na ala za huko. Kisha akaingia Cambridge kusomea Kiingereza, wala si muziki. Siku moja akaona krumhoni imetundikwa ukutani kwa rafiki yake. Hiyo ni ala ya mbao ya kupuliza, imepinda mwisho kama bakora. Wengine waliona pambo tu. Yeye aliona kitu cha kupigwa.

Hakuwa wa kwanza kufufua muziki wa kale. Arnold Dolmetsch alikuwa ameanza kutengeneza ala hizo miaka mingi kabla yake. Lakini Munrow aliwafikishia watu wa kawaida. Mwaka 1967 aliunda kundi la Early Music Consort of London, wakapiga ngoma za karne nyingi zilizopita kana kwamba zimetoka juzi. Kuanzia 1971 akawa na kipindi cha redio BBC, Pied Piper, kilichopeperushwa mara 655. Kilikuwa cha watoto, jo, si cha maprofesa!

Na usidhani haya ni mambo ya Wazungu pekee. Shawm, mojawapo ya ala alizopiga, ni ya ukoo mmoja na zumari ya Pwani.

Mei 1976, akiwa na miaka 33 tu, Munrow alijitoa uhai. Kipaji hakimkingi mtu na giza la moyoni. Kama nawe umelemewa, ongea na mtu leo, usingoje kesho. Mwaka uliofuata, chombo cha Voyager kilirushwa angani kikiwa na sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia. Humo mna wimbo wa Anthony Holborne uliochapishwa 1599, ukipigwa na Munrow na wenzake.

Sasa tofauti yetu naye ni hii. Munrow alilazimika kusaka majibu kwenye michoro na makaratasi, maana wapigaji wenyewe walikufa kitambo sana. Wetu wako hai. Wengine wana simu na wanapokea. Mzee akienda bila mwanafunzi, hata video mia hazitakuonyesha alivyokuwa akivuta pumzi.

Kwa hivyo wewe unayetengeneza biti chumbani, ukienda ushago Desemba, mtafute huyo mzee. Mrekodi, sawa, lakini pia muombe akufunze. Na ukitumia sauti yake kwenye ngoma yako, mlipe na uandike jina lake.